Chujio Ndani ya Mshipa: Jinsi Uvumbuzi Unavyokaguliwa

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, tafadhali kiongozi awe na ubao na chaki karibu, maana leo tutachora umbo moja na kupiga hesabu ndogo. Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya karatasi 2.

Karatasi ya kwanza ilitolewa na Ofisi ya Hataza ya Marekani mwezi wa Novemba 1970, nayo ina namba 3,540,431. Kichwa chake, tukikisema kwa Kiswahili, ni hiki: chujio linalokunjika, la kiowevu kipitacho katika njia iliyofungwa. Kiowevu ni kitu kinachotiririka, kama maji, mafuta au maziwa. Njia iliyofungwa ni kama bomba. Basi mtu akisoma kichwa hicho atadhani ni habari ya fundi wa mabomba, au ya fundi wa motokaa aliyechoshwa na mchanga katika petroli. Lakini aliyeiomba karatasi hiyo alikuwa daktari mpasuaji, Kazi Mobin-Uddin, aliyefanya kazi Miami katika jimbo la Florida. Na hiyo njia iliyofungwa aliyoifikiria ni mshipa mkubwa wa damu ndani ya tumbo la mtu aliye hai.

Karatasi ya pili ilitolewa mwezi wa Aprili 1976, namba 3,952,747. Hiyo nayo yahusu chujio la mshipa ule ule. Jina lililoandikwa juu yake ni Garman Kimmell wa Oklahoma, naye hakuwa daktari hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuunda vyombo vya visima vya mafuta ya petroli. Daktari alitumia maneno ya fundi wa mabomba, na fundi wa mabomba akaingia katika kazi ya daktari. Kati yao alikuwapo mtu wa tatu, ambaye watu hawamtaji: mkaguzi wa ofisi ya hataza, anayeketi mezani na karatasi zake, asiyemwona mgonjwa wala kisima. Huyo ndiye wa kuamua kama kitu ni kipya au si kipya. Leo tutazame anaamuaje, na tutazame pia ni jambo gani haulizwi kabisa.

Kwanza tuelewane juu ya neno hataza. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze kitu alichokivumbua, kwa muda uliowekwa. Katika Marekani ya siku hizo muda ulikuwa miaka 17 tangu siku ya kutolewa kwa hati. Angalieni vizuri: hati haimpi mvumbuzi ruhusa ya kuuza, yampa tu haki ya kuwazuia wengine. Na haki hiyo haitolewi bure. Hana budi kueleza siri yake kwa maneno na kwa michoro, hata fundi mwingine aweze kukitengeneza kitu kile kwa kuisoma hati tu. Muda ukiisha, kitu ni cha wote. Umma umepata elimu, naye mvumbuzi amepata nafasi ya kula jasho lake.

Sasa tuuseme ugonjwa wenyewe, maana bila kuujua hatutaona kwa nini watu walishughulika hivyo.

Mtu aliyelala kitandani siku nyingi, au aliyevunjika paja, au aliyepasuliwa, damu yaweza kuganda katika mishipa ya miguu yake. Bonge likikaa pale pale, mguu huvimba na kuuma. Lakini pengine bonge hukatika, likachukuliwa na mkondo wa damu, likapanda kwa mshipa mkuu wa chini unaorudisha damu kutoka miguuni, likapita moyoni na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Bonge kubwa laweza kuua kwa dakika chache. Mgonjwa ameanza kupona, ameketi, pengine ameomba uji. Mara anashika kifua. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1840 kwamba mabonge hayo yaonekanayo mapafuni yametoka mbali, yamesafiri. Mwaka 1908 Mjerumani mwingine, Friedrich Trendelenburg, alitangaza njia ya kupasua kifua upesi na kulitoa bonge. Wagonjwa wake hawakupona. Ikapita miaka 16, mpaka 1924, ndipo Martin Kirschner alipofaulu kumponya mmoja.

Wapasuaji wengine wakafikiri: kuliko kungoja bonge lifike, heri kuikata njia yake. Wakaufunga mshipa mkuu kwa uzi. Mabonge hayakupita, lakini na damu nayo ikakosa njia yake. Miguu ya watu ikavimba, mingine ikatoka vidonda visivyopona. Tena mgonjwa mwenyewe alikuwa dhaifu, na kumfungua tumbo kulikuwa hatari nyingine. Mwaka 1958 DeWeese na Hunter, huko Michigan, walijaribu kushona nyuzi kukatiza ndani ya mshipa, kama nyuzi za kinubi, ili damu ipite na bonge lizuiwe. Wengine wakaubana mshipa kwa kibanio. Hata Richard Nixon, aliyejiuzulu urais wa Marekani mwezi wa Agosti 1974, alipasuliwa mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akatiwa kibanio kwenye mshipa wa nyonga ya kushoto, asije akauawa na bonge. Wakati huo mahakama ilikuwa ikimtaka aje kutoa ushahidi katika kesi ya Watergate, na watu wengi walisema ni ugonjwa wa kusingizia. Haukuwa wa kusingizia.

Mobin-Uddin alikuja na shauri jingine. Alitengeneza mwavuli mdogo. Ulikuwa na njiti 6 za chuma kisichoshika kutu, na juu yake kitambaa chembamba cha silikoni chenye vitundu vya milimita 3. Mwavuli ulikunjwa ukatiwa ndani ya mrija, mrija ukaingizwa kwa mshipa wa shingo, ukapita upande wa kulia wa moyo na kushuka mpaka kwenye mshipa mkuu wa chini. Hapo ukasukumwa nje ukafunguka, na ncha za njiti zikashika ukuta wa mshipa. Mgonjwa hakulazwa usingizi. Ilitosha kutiwa ganzi shingoni. Habari zake zilitolewa mwaka 1967, na maombi ya hataza yakapelekwa mwaka uliofuata.

Tumwache daktari hapo kidogo, karatasi zake zikiwa njiani, twende kwa mkaguzi. Yeye ametoka wapi?

Sheria ya kwanza ya hataza ya Marekani ni ya 1790. Siku hizo wakaguzi walikuwa mawaziri wenyewe: Thomas Jefferson, waziri wa mambo ya nchi za nje, pamoja na waziri wa vita na mwanasheria mkuu. Hati ya kwanza, ya Julai 1790, alipewa Samuel Hopkins kwa njia yake ya kupata magadi kutoka majivu. Lakini wazieni waziri mwenye nchi changa mkononi, akiletewa kila wiki michoro ya vinu na majivu! Kazi iliwaelemea. Mwaka 1793 sheria ikabadilishwa, ukaguzi ukaondolewa. Mtu alilipa ada, akaandikisha, akaondoka na hati. Kama jirani yake ameandikisha kitu kile kile, shauri lao, waende mahakamani. Hali hiyo ilidumu miaka 43, na hati za udanganyifu zikawa nyingi, hata wengine wakanakili kitu cha mtu kama kilivyo na kwenda kukidai chao. Seneta John Ruggles wa jimbo la Maine akasimamia sheria mpya, iliyopitishwa tarehe 4 Julai 1836, nayo ikarudisha ukaguzi, safari hii kwa watu walioajiriwa kwa kazi hiyo tu. Hati namba 1 ya hesabu mpya alipewa nani? Ruggles mwenyewe, kwa magurudumu ya gari la moshi. Mimi huwa nacheka nikifika hapo. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo ofisi ikaungua moto, na hati za miaka 46 zikateketea pamoja na vielelezo vyake.

Waingereza walichelewa zaidi. Walianza kutafuta kama kitu ni kipya mwaka 1905, tena walitazama hataza za kwao za miaka 50 tu. Na sisi wa Afrika ya Mashariki, wakati wa ukoloni na miaka mingi baada ya uhuru, mtu aliyetaka ulinzi hapa alitangulia kupata hataza Uingereza, kisha akaja kuiandikisha kwetu. Mkaguzi wetu alikuwa London. Tanzania ilitunga sheria yake ya hataza mwaka 1987 na Kenya mwaka 1989. Kabla ya hapo, nchi kadhaa za Afrika zilikuwa zimefanya mkataba Lusaka mwaka 1976 wa kushirikiana, na kwa Itifaki ya Harare ya 1982 ofisi yao ya pamoja ikapewa kazi ya kupokea na kukagua maombi kwa niaba yao.

Haya, turudi Marekani, miaka ya 1960. Mkaguzi ni mtu aliyesoma sayansi au uhandisi. Mezani pake yapo maombi, na ukutani yapo mashubaka ya hataza za zamani zilizopangwa kwa jamii: machujio huku, mabomba kule, vyombo vya hospitali pale. Anaanza kusoma kutoka mwisho, maana mwishoni mwa maombi ndipo penye madai. Madai ni sentensi zenye namba, na kila moja yaeleza mipaka ya kile ambacho mwombaji ataka kiwe chake. Ni kama hati ya shamba isemayo: kutoka mnazi ule hadi mkorosho ule, na kutoka mkorosho hadi kijito. Michoro yaweza kuwa mizuri ajabu, lakini mahakama itapima kwa mnazi na mkorosho.

Hapa sasa ndipo twaelewa kwa nini daktari hakuandika neno damu katika kichwa chake. Shamba kubwa lataka maneno mapana. Ukisema chujio la damu, mwingine atakuja na chujio la mrija wa nyongo akuambie hili si lako. Ukisema chujio la kiowevu katika njia iliyofungwa, umeshika mrija wa nyongo, na bomba la petroli, na kila kitu cha namna hiyo. Lakini maneno mapana yana adhabu yake. Mwenye kudai mabomba yote duniani amemfungulia mkaguzi mashubaka yote ya mabomba. Atatolewa chujio la mafuta ya injini, lile ambalo Ernest Sweetland alilianzisha katika motokaa za miaka ya 1920. Atatolewa makapu ya chuma ya viwanda vya maji. Mkaguzi ataandika barua: dai namba 1 limekataliwa, kitu hiki kinajulikana. Ndipo wakili wa mwombaji hujibu: tumeongeza kwamba chujio letu lakunjika. Mkaguzi hurudia tena: kukunjika kunajulikana kwa miavuli. Wakili hujibu: tumeongeza kwamba ncha zake zashika ukuta wa njia. Kila jibu laongeza neno, na kila neno laongezapo shamba hupungua. Ni mabishano ya kuandikiana, na katika Marekani ya siku hizo yalifanywa kwa siri mpaka hati itoke. Baada ya hapo faili lilikuwa wazi kwa kila mtu. Tangu mwaka 1947 hati yenyewe huchapwa pamoja na orodha ya vitu vya zamani alivyovitazama mkaguzi.

Kitu kuwa kipya hakutoshi. Sheria ya 1952 iliandika jambo ambalo mahakama zilikuwa zimelisema muda mrefu: kama tofauti kati ya kitu kipya na vya zamani ni jambo ambalo fundi wa kawaida wa kazi ile angeliona waziwazi, hati haitolewi. Fundi wa kawaida, si fundi bingwa. Kila seremala ajua kubadili mninga kwa mvule. Huo si uvumbuzi.

Sasa swali gumu, na wanafunzi wangu wengi hujikwaa hapa: vya zamani vya wapi? Je, daktari wa mishipa apaswa kuyajua machujio ya visima vya petroli? Jibu lilitoka katika kesi ya chupa za dawa ya wadudu. Fundi Baxter Scoggin alikuwa ametengeneza kifuniko cha chupa yenye bomba dogo la kunyunyizia, kisichovuja chupa ikiwa safarini. Alipoomba hataza mwaka 1957, mkaguzi alimkatalia. Scoggin akayabana madai yake, akataja ubavu mdogo wa kuzibia na nafasi ndogo iliyo kati ya sehemu fulani za kifuniko, na kwa maneno hayo mapya akapata hati mwaka 1959. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo ikatoa hukumu tarehe 21 Februari 1966. Majaji walisema hati haifai. Ubavu ule ulikuwa umekwisha kuonekana katika hataza ya mtu mwingine, Livingstone, ambayo mkaguzi hakuwa nayo mbele yake. Upande wa Scoggin ulitetea kwamba Livingstone alishughulikia midomo ya kumiminia vimiminiko, si vinyunyizio vya dawa. Majaji wakajibu kwamba shida iliyokuwapo si ya dawa ya wadudu, ni shida ya kuziba chupa, na mwenye shida ya kuziba chupa atazame chupa zote. Tena wakasema kwamba mtu aliyebana madai yake ili apewe hati hawezi baadaye kugeuka na kudai eneo lile aliloliacha.

Siku hiyo hiyo majaji hao waliipa nguvu hati nyingine, ya betri ya Adams. Vitu vyake vyote vilikuwa vya zamani, lakini vilipounganishwa vikafanya kazi ambayo wataalamu walisema haiwezekani. Kwa hiyo msidhani sheria yachukia vitu vya zamani. Yauliza kuunganishwa kwake kumezaa nini.

Na sasa twaweza kumrudia Kimmell wa Oklahoma.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari kijana wa Oklahoma, Lazar Greenfield, alimpoteza mgonjwa kijana kwa bonge la mapafuni, baada ya kumpasua ili kulitoa. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Akajulishwa kwa Kimmell, mwenye kampuni ya Kimray, akamweleza shida: kitu gani chaweza kunasa uchafu ndani ya bomba bila ya bomba kuziba? Kwa mtu wa mafuta swali hilo lilikuwa la kila siku. Alijua kwamba chujio bapa, likisimama kukata bomba kama mlango, hujaa upesi na kuzuia mkondo. Katika mabomba ya petroli watu hutumia chujio lenye umbo la pia.

Kiongozi wa kikundi, chora sasa. Chora bomba lililolala, na ndani yake pia, kama ile karatasi iliyosokotwa ambayo muuza karanga hutilia karanga zake. Mdomo mpana uelekee mkondo unakotoka, ncha ielekee mkondo unakokwenda. Uchafu ukija utasukumwa mpaka kwenye ncha, katikati ya bomba, na kiowevu kitapita pembeni. Tuseme uchafu umejaza pia kutoka ncha mpaka sehemu 7 kati ya 10 za kina chake. Je, umeziba sehemu gani ya njia? Wengi watasema 7 kati ya 10. Pigeni hesabu. Pale ulipofikia uchafu, upana wa pia ni sehemu 7 kati ya 10 za upana wa mdomo. Lakini eneo la duara hufuata upana uliozidishwa kwa wenyewe: 7 mara 7 ni 49, na 10 mara 10 ni 100. Umeziba sehemu 49 tu kati ya 100. Chujio limejaa zaidi ya nusu ya kina chake, na zaidi ya nusu ya njia bado i wazi. Tena damu ipitayo pembeni huliosha bonge, na mwili hupata wasaa wa kuliyeyusha kidogo kidogo.

Chujio walilolitengeneza lilikuwa na miguu 6 ya waya wa chuma kisichoshika kutu, iliyokutana juu kwenye kichwa kimoja, na mwisho wa kila mguu kulabu ndogo ya kushika ukuta wa mshipa. Urefu wake ulikuwa sentimita 4.6. Greenfield na wenzake walitoa makala yao mwaka 1973. Sheria ya Marekani ilimpa mvumbuzi miezi 12 baada ya kutangaza jambo lake, akichelewa amelipoteza. Maombi ya hataza yakaingia mwaka 1974. Madaktari wa dunia nzima huliita chujio la Greenfield, lakini hataza ina jina la Kimmell, kwa sababu ofisi ya hataza haimtafuti aliyeitambua haja, yamtafuta aliyekivumbua kitu.

Tazameni basi ugumu wake. Pia ndani ya bomba halikuwa jambo jipya. Lilitoka katika mabomba, na kwa fikira ile ya kesi ya chupa, mwenye shida ya kunasa uchafu katika njia iliyofungwa atazame njia zote zilizofungwa. Chujio ndani ya mshipa nalo halikuwa jipya. Mwavuli wa Mobin-Uddin ulikuwa umekwisha kupata hati yake zaidi ya miaka 3 kabla ya maombi haya, na kwa hiyo ulikuwa sasa mmojawapo wa vile vya zamani. Kilichobaki kudaiwa ni jinsi miguu, kulabu, kichwa na chombo cha kulipelekea vilivyokubaliana. Kichwa cha hataza ya Kimmell chenyewe chataja vitu 2: chujio, na chombo cha kulitia. Chujio zuri lisilo na njia ya kufika mahali pake lingebaki mezani.

Kwa mkaguzi, basi, tofauti ya mwavuli na pia ni tofauti ya umbo, jambo la kupimwa kwa maneno na michoro. Kwa mgonjwa tofauti ilikuwa kubwa kuliko hivyo. Mwavuli, kwa kuwa kitambaa chake kilisimama kukata njia, uliziba. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliotiwa mwavuli mshipa wao mkuu ulizibika kabisa, wakawa kama waliofungwa uzi wa zamani. Miavuli mingine, iliyokuwa na upana wa milimita 23, iling'oka ikachukuliwa na damu mpaka mapafuni, yaani chombo cha kuzuia bonge kikawa bonge chenyewe. Ikabidi upana uongezwe kuwa milimita 28. Simlaumu Mobin-Uddin. Yeye ndiye aliyewaonyesha watu wote waliomfuata kwamba tumbo si lazima lifunguliwe, na machujio yote ya leo hupita katika njia aliyoifungua.

Wala simlaumu mkaguzi, maana hakuulizwa. Sheria ilimtaka atazame kama kitu chafaa kwa kazi fulani, kama ni kipya, na kama si jambo la wazi kwa fundi. Haikumtaka aseme kama ni salama, wala kama ni bora kuliko kingine. Muhuri wake si muhuri wa daktari. Najua watu wa soko hupenda kuandika juu ya pakiti kwamba kitu kina hataza, na mnunuzi husoma neno hilo kana kwamba serikali imekionja.

Na nani basi alikionja? Katika Marekani, mpaka mwaka 1976, karibu hakuna. Dawa zilikuwa na sheria yake, lakini chombo cha kutiwa mwilini kiliweza kuuzwa bila kuonyeshwa kwanza kwa serikali. Sheria iliyolazimisha vyombo vya hatari vikaguliwe kabla ya kuuzwa ilitiwa sahihi tarehe 28 Mei 1976, mwezi mmoja baada ya hati ya Kimmell kutolewa. Hata baada ya hapo majibu kamili yalichelewa. Uchunguzi mkubwa wa kwanza wa kulinganisha wagonjwa waliotiwa chujio na wasiotiwa, ambao wote walipewa dawa ya kuzuia kuganda kwa damu, ulifanywa Ufaransa kwa wagonjwa 400 na kutangazwa mwaka 1998. Ulionyesha kwamba chujio huzuia mabonge ya mapafuni, lakini baada ya miaka 2 wenye machujio walikuwa na mabonge zaidi ya miguuni, na hesabu ya vifo haikutofautiana. Kwa hiyo siku hizi madaktari hulitumia zaidi kwa mgonjwa asiyeweza kupewa dawa hizo, na machujio mengi yameundwa ya kutolewa hatari ikiisha.

Mwavuli uliondolewa sokoni mwaka 1986. Hataza yake ilikuwa bado na mwaka mmoja na kitu, ikilinda shamba ambalo hakuna tena aliyetaka kulilima. Hataza ya Kimmell ilifika mwisho wake Aprili 1993, na tangu hapo chujio la pia la miguu 6 ni la yeyote awezaye kulitengeneza. Maneno na michoro ya karatasi zote 2 yaweza kusomwa bure.

Kazi ya nyumbani, ndugu wasikilizaji, ni ya ubaoni. Bonge limejaza nusu tu ya kina cha pia. Limeziba sehemu gani ya njia ya damu?